Kijana Anapojikausha kwa Ajili ya Mashindano ya Misuli

Leo vuta kiti karibu na redio, kwa sababu mada yetu haizungumzwi sana katika kliniki za akina mama. Tutazungumza juu ya vijana wetu wanaonyanyua vyuma, na hasa yale wanayoifanyia miili yao siku chache kabla ya kupanda jukwaani katika mashindano ya utunishaji misuli.

Huenda unajiuliza, "Sista, hayo yananihusu nini mimi ninayenyonyesha?" Yanakuhusu, mama. Kijana huyo anakula kutoka sufuria yako. Analala chini ya paa lako. Mara nyingine dawa anazozimeza zimetoka katika kabati la nyumba yako. Na akianguka usiku wa manane, atakayeitwa kwanza si mwalimu wake wa jimu. Ni wewe.

Nikupe kisa kimoja. Asubuhi moja mama alimleta mama mkwe wake katika kituo nilikokuwa nikifanya kazi. Nyanya huyo alikuwa na ugonjwa wa moyo, na miguu yake ilikuwa imefura. Tembe zake za kupunguza maji mwilini zilikuwa zimekwisha siku 10 kabla ya wakati. Tulidhani nyanya anasahau na kumeza mara mbili, tukamwandikia nyingine na kumshauri mama azihesabu kila jioni.

Siku 2 baadaye mama yule alirudi, sasa akimshikilia mjukuu wa nyanya, kijana wa miaka 21 mwenye mabega mapana kama mlango. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Misuli ya mapaja ilikuwa imekaza hadi hakuweza kunyoosha mguu. Nilipomshika mkono nikasikia mapigo ya moyo yanaruka, yanasimama, kisha yanaruka tena. Hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi ya jana yake, na tembe za nyanya zilikuwa tumboni mwake. Unajua aliniambia nini? "Sista, mashindano ni kesho. Usiniwekee maji mengi, nitavimba."

Tulimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na alipona. Lakini mama yake aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Nilimwona akitema mate kwenye chupa siku nzima. Nilifikiri ni mchezo wa vijana."

Mama, nia yangu leo ni kwamba wewe ukiona chupa hiyo, ujue ni nini.

KWA NINI WANAJIKAUSHA?

Katika mashindano haya, waamuzi hawaangalii nani anaweza kuinua chuma kizito. Wanaangalia ukubwa wa misuli, jinsi mwili ulivyolingana, na jinsi kila msuli unavyoonekana wazi chini ya ngozi. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huficha misuli, kama blanketi linavyoficha umbo la mtu aliyelala. Kwa hivyo mshindani hupunguza mafuta kwa chakula na mazoezi. Kazi hiyo huchukua miezi.

Wiki ya mwisho ikifika, mafuta hayawezi kupungua tena kwa haraka. Hapo ndipo uvumi wa jimu unapoanza: "Ondoa maji yaliyo chini ya ngozi, utaonekana kama umechongwa." Kijana anaamini kwamba anaweza kuyatoa maji ya chini ya ngozi na kuyaacha ya ndani ya misuli.

Sasa tuelewane vizuri hapa. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwanamume ni maji, karibu asilimia 60. Msuli wenyewe, ule anaoutaka uwe mkubwa, karibu robo 3 yake ni maji. Sukari inayowekwa akiba ndani ya misuli nayo hukaa pamoja na maji, karibu gramu 3 za maji kwa kila gramu 1 ya sukari hiyo. Mwili hauna bomba la kufungua chini ya ngozi peke yake. Ukitoa maji, yanatoka kila mahali: kwenye damu, kwenye misuli na kila sehemu nyingine. Ndiyo maana vijana wengi waliojikausha sana huonekana wamesinyaa jukwaani, kama sukuma wiki iliyoachwa juani.

Isitoshe, maji hayatoki peke yake. Yanatoka pamoja na chumvi za mwili, kama vile sodiamu, potasiamu na magnesiamu. Moyo hupiga kwa nguvu ndogo za umeme, na umeme huo hutegemea chumvi hizi ziwe katika kipimo chake. Kipimo kikivurugika, mapigo huvurugika. Moyo wa kijana wa miaka 21 unaweza kusimama kama wa mzee.

NJIA WANAZOTUMIA

Kwanza, kujinyima maji. Wengine huanza kwa kunywa maji mengi kupita kiasi kwa siku kadhaa huku wameacha chumvi kabisa. Halafu wanakata maji ghafla. Hatari ziko pande zote mbili. Maji mengi bila chumvi huifanya sodiamu katika damu ishuke, na ubongo huvimba: kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, hata kupata kifafa. Maji yakikatwa, damu inakuwa nzito, figo zinakosa kazi ya kusafisha, na mtu anazimia akisimama.

Pili, jasho la kulazimisha. Utamwona kijana amejifunga mifuko ya nailoni tumboni, amevaa sweta 2 na koti, anakimbia saa sita mchana. Wengine hukaa katika chumba cha mvuke au katika maji ya moto. Jasho ndilo linaloupoza mwili. Nailoni hulizuia lisikauke, basi joto la mwili linapanda bila kushuka. Mwishoni mwa mwaka wa 1997 huko Marekani, wanamieleka 3 wa vyuo walifariki katika muda wa wiki chache, wote wakijaribu kupunguza uzito kwa mazoezi ndani ya mavazi ya kuhifadhi joto huku wamejinyima maji. Baada ya vifo hivyo, sheria za mieleka vyuoni zilibadilishwa. Hao walikuwa vijana wenye afya na walimu wa michezo.

Tatu, tembe za maji. Hizi ni dawa halali na nzuri kwa mgonjwa anayezihitaji. Furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, humsaidia mgonjwa wa moyo aliyefura miguu. Lakini kwa mtu asiye na maji ya ziada, inamkamua. Dawa hii pia hutoa potasiamu nyingi kwa njia ya mkojo. Iko aina nyingine ya tembe za maji ambayo huzuia potasiamu isitoke. Kijana asiyejua tofauti anaweza kumeza aina hiyo, kisha akaongeza tembe za potasiamu kwa kuwa rafiki alimwambia "zinazuia misuli kukaza." Potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Ikipungua sana nayo huvuruga moyo. Mohammed Benaziza, mtunisha misuli mashuhuri aliyezaliwa Algeria, alifariki Oktoba 1992 nchini Uholanzi saa chache baada ya kushindana, na kifo chake kilihusishwa na dawa za kutoa maji.

Nne, njia za mitaani. Wako wanaokunywa haluli ili waharishe. Wako wanaokunywa mvinyo kabla ya kupanda jukwaani ili mishipa itokeze. Wako wanaojipaka dawa ya bawasiri tumboni wakitumaini ngozi itakaza. Kuharisha na pombe huongeza ukavu ule ule. Wengine hula mayai mabichi kwa wingi. Yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na protini ya yai lililopikwa humeng'enywa vizuri zaidi kuliko ya yai bichi. Kwa hivyo hapa mama unaweza kusema bila woga: mayai hupikwa.

Tano, insulini. Mama, hapa naomba usikilize kwa makini, hasa kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani. Insulini huingiza sukari katika misuli, na baadhi ya watunisha misuli huidunga wakitaka misuli ijae. Mtu asiye na kisukari akijidunga, sukari ya damu inaweza kushuka ghafla. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaongea kama mlevi, kisha anapoteza fahamu. Ubongo hauwezi kukaa muda mrefu bila sukari. Akilala na sukari imeshuka, huenda asiamke.

Sita, dawa za kuchoma mafuta. Moja ni klenbuteroli, ambayo madaktari wa mifugo huitumia kufungua pumzi ya farasi. Huufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Nyingine ni mbaya zaidi, inaitwa DNP. Ni unga wa manjano ambao ulitumika kutengeneza baruti wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika miaka ya 1930 uliuzwa Marekani kama dawa ya kukonda, ukaua watu na kuwapofusha wengine, na mwaka wa 1938 ukapigwa marufuku. Lakini bado huuzwa kisirisiri kwenye intaneti. DNP huufanya mwili uteketeze chakula na kukigeuza kuwa joto tupu. Mtu anachemka kutoka ndani. Hakuna dawa ya kuizima sumu hiyo, na paracetamol haisaidii.

Saba, homoni za kujenga misuli, yaani steroidi. Hizi hutumiwa kwa miezi, si kwa wiki ya mwisho tu. Zinafanana na homoni ya kiume. Mwili ukiona homoni imejaa kutoka nje, unaacha kutengeneza yake. Korodani husinyaa, mbegu hupungua, na kijana anaweza kuota matiti. Mafuta mabaya huongezeka katika damu, presha hupanda, moyo hutanuka na ini huumia. Kijana ambaye bado anakua anaweza kuacha kurefuka. Msichana naye anaweza kupata sauti nzito na ndevu, na sauti hiyo huenda isirudi tena. Andreas Münzer wa Austria, aliyesifiwa kwa ngozi kavu kuliko wenzake, alifariki Machi 1996 akiwa na miaka 31, siku chache baada ya msimu wa mashindano, viungo vyake vya ndani vikishindwa kimoja baada ya kingine.

Na usisahau sindano. Vijana wakichangia sindano moja katika jimu, wanachangia pia virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B na C.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Mama, huhitaji mashine. Tumia macho yako.

Angalia kama anatema mate kwenye chupa, anakataa maji na chai, au anasukutua mdomo na kutema.
Angalia kama anakataa chumvi katika chakula ghafla.
Hesabu tembe za nyanya na chupa za insulini. Zikipungua bila sababu, uliza.
Angalia mifuko ya nailoni, sindano, au vichupa visivyo na karatasi ya kemisti.
Angalia mkojo. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au kama hakojoi kwa saa nyingi, hiyo ni hatari. Misuli inapooza na kuvunjika, taka zake huziba figo, na mkojo huwa mweusi hivyo.
Sikiliza tabia. Hasira za ghafla, kutolala, kuchanganyikiwa, au huzuni nzito baada ya kuacha dawa, zote ni dalili.

AKIANGUKA, UFANYE NINI?

Kama yuko macho, anaongea na anaweza kumeza, mkalishe mahali penye kivuli. Mvue nailoni na nguo nzito. Mpe maji ya ORS, funda moja moja, si kikombe kizima kwa mara moja. Kama huna pakiti ya ORS, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa juu. Kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe damu. Kama moyo unaruka, kifua kinauma, anachanganyikiwa, anatapika kila anachokunywa, au misuli imekaza na haiachii, usingoje kuona kama ORS itafanya kazi. Nendeni hospitali mara moja.

Kama ana joto kali sana, mmwagie maji baridi mwili mzima na mpepee njia nzima mkielekea hospitali. Usingoje jioni.

Kama unashuku insulini na bado anaweza kumeza, mpe sukari, soda ya kawaida au asali mara moja, kisha nendeni hospitali hata akijisikia vizuri. Insulini nyingine hufanya kazi kwa saa nyingi, na sukari inaweza kushuka tena.

Kama amepoteza fahamu, usimpe chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu, hakikisha anapumua, piga 999 au 112, au tafuta gari lolote la karibu. Kama hapumui, anayejua kukandamiza kifua aanze mara moja.

Tafadhali mwambie daktari ukweli wote. Beba vichupa na tembe ulizozikuta. Daktari hakuulizi ili akupeleke polisi. Anauliza kwa sababu dripu inayomfaa mgonjwa mmoja inaweza kumuumiza mwingine.

UZUNGUMZE NAYE VIPI?

Usimtukane wala usitupe vyuma vyake nje. Mazoezi ni mazuri. Kijana anayenyanyua vyuma jioni hayuko kilabuni akinywa pombe haramu. Ukimfokea, atajificha tu, na siku ya hatari hatakuita.

Keti naye wakati hana njaa, kwa maana mtu aliyejinyima chakula hukasirika upesi. Mwulize, "Mwanangu, wiki ya mwisho huwa mnafanya nini?" Msikilize hadi mwisho. Kisha umwambie bila kuzunguka: "Hata ukikosea, nipigie simu. Sitauliza maswali kabla hujafika hospitali." Sentensi hiyo inaweza kumwokoa.

Mkumbushe pia sheria. Steroidi, insulini na tembe za maji zimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, na Kenya ina sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli tangu mwaka wa 2016, iliyounda shirika la ADAK. Mshindani akipatikana, anafungiwa, na jasho la miaka yote linapotea.

NJIA ILIYO SALAMA

Anayetaka kushindana aanze mapema, wiki 12 hadi 16 kabla. Apunguze uzito polepole, nusu kilo kwa wiki au karibu hapo, isizidi kilo 1. Protini ipo hapa hapa kwetu: maharagwe, ndengu, omena, mayai yaliyopikwa, maziwa, mala na kuku. Githeri yenye maharagwe mengi ni chakula cha mtunisha misuli, na bei yake unaijua. Wiki ya mwisho aendelee kunywa maji na kula chumvi yake ya kawaida. Apumzike na kulala. Apimwe presha kituoni kabla ya msimu, na tena baada yake. Kama jukwaani atakuwa wa tatu badala ya wa kwanza, atakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu.

Nawe mlezi, fungia dawa za wagonjwa ndani ya kabati lenye kufuli. Insulini inayohitaji friji iwekwe mahali unapoweza kuihesabu. Hilo litawalinda pia watoto wadogo, ambao huona tembe na kudhani ni peremende.

TUKUMBUSHANE

Mwili hauna njia ya kutoa maji ya chini ya ngozi peke yake. Tembe za maji na insulini ni za mgonjwa aliyeandikiwa. Nailoni na jua la mchana vinaua. Mkojo mweusi, moyo unaoruka na kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali, si ya kulala kwanza.

Kijana wa kile kisa bado ananyanyua vyuma. Siku hizi hupita kituoni kupimwa presha kabla ya kila msimu, na nyanya yake amepata kufuli la kabati. Ufunguo anao yeye mwenyewe, kwenye fundo la leso.

Mweleze na jirani yako mwenye kijana.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Je, dawa za wagonjwa nyumbani kwako huwekwa wapi, na nani huzihesabu?
2. Ni jimu zipi mtaani kwenu, na nani anaweza kwenda kuzungumza na walimu wake?
3. Kijana akizimia baada ya kujidunga insulini, kwa nini hatumpi soda mdomoni?
4. Onyesheni jinsi ya kumlaza kwa ubavu mtu aliyepoteza fahamu.